Jioni za wachimba mifereji huko Mkomani: mazungumzo, chakula na picha

Nyumba moja ya wageni katika mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, ina desturi ya kuandaa mazungumzo ya historia darini kwake wakati wa masika, watalii wanapopungua na vyumba vinapobaki vitupu. Mada ya msimu huu ni maisha ya vibarua waliochimba mifereji mikubwa ya dunia, pamoja na familia zao: mfereji wa Erie nchini Marekani, wa Rideau nchini Kanada, wa Suez nchini Misri na ule wa Panama. Kiingilio ni shilingi 900 kwa mgeni na shilingi 400 kwa mkazi wa kaunti ya Lamu, na ndani yake mna chakula cha usiku, kahawa tungu na halua. Kwa bei hiyo, hata anayekwenda kwa ajili ya chakula peke yake hatakuwa amepunjwa. Hata hivyo ninayoyapima hapa ni mazungumzo, na chakula nitakitaja pale kinapohusika, maana waandaaji wamekifanya kuwa sehemu ya somo.

Niseme mapema kipimo ninachotumia. Habari za mifereji zimezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wahandisi, urefu wa njia na idadi ya milango ya maji. Anayelipa ili asikie habari za vibarua anastahili kuambiwa mambo mengine: walilala wapi, walikunywa maji ya wapi, walikula nini na kwa fedha ya nani, na mke na watoto walikuwa wapi muda wote huo. Kwa kipimo hicho, jioni ya Suez na jioni ya Panama zinastahili kila shilingi, jioni ya Rideau inaonja tu jambo ambalo lingetosha kuwa mada kamili, na ile ya Erie ingeachwa nisingeona pengo.

Mtoa mada ni mwalimu mstaafu wa historia, mtu mwenye sauti ya darasani na Kiswahili kilichonyooka, ambacho hukiacha na kuingia Kiamu anapotaka watu wacheke. Jioni ya Suez aliianza kwa maji, na hapo alionyesha kwamba anawajua wasikilizaji wake. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa maana ya kukaa mahali palipozungukwa na maji yasiyonyweka. Mji unategemea maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na karibu kila aliyekuwa darini pale ameshawahi kulisubiri dumu lake kwenye foleni. Basi alipoeleza kwamba Port Said, ambako kazi ilianza tarehe 25 Aprili 1859, palikuwa ni ukanda mwembamba wa mchanga kati ya Bahari ya Mediterania na ziwa la Manzala, hapana kisima wala mto, hakuna aliyeuliza kwa nini jambo hilo ni kubwa. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua kutoka Damietta kwa kuvuka ziwa, na mengine yalipatikana kwa mitambo iliyochemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke wake. Huko ndani jangwani yalibebwa na ngamia, na msafara wa ngamia ukichelewa, vibarua walishinda na kiu juani.

Ndiyo sababu kampuni ya Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyeongoza mradi wa Suez, ililazimika kuchimba mfereji mwingine, mdogo, wa kuleta maji matamu kutoka upande wa Mto Nile. Mfereji huo ulifika Ziwa Timsah mwanzoni mwa mwaka 1862 na mji wa Suez mwishoni mwa 1863. Port Said yenyewe iliungwa kwa bomba mwaka 1864. Mwalimu alikaa sana kwenye tarehe hizi, na baadhi ya vijana walianza kutazama simu zao, lakini mimi naona alifanya vyema. Ukizipanga, unaona kwamba kazi ilikuwa imekwenda karibu miaka mitatu kabla ya maji ya mto kufika katikati ya njia, na unaanza kuuona mradi ule kwa macho ya aliyetumwa kuubebea mchanga.

Waliotumwa walikuwa wakulima wa Misri waliochukuliwa kwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa. Kanuni iliyotolewa na Said Pasha, mtawala wa Misri, mwezi wa Julai 1856, ilipanga kwamba kibarua alipwe kati ya piasta 2 na nusu na piasta 3, fedha ya Misri, kwa siku, aliye chini ya umri wa miaka 12 alipwe piasta 1, na kila mmoja apewe posho ya biskuti yenye thamani ya piasta 1. Mama mmoja aliyeketi karibu na ngazi aliinua mkono na kuuliza watoto wa umri huo walikuwa wakifanya nini jangwani. "Mama yangu," mwalimu akamjibu, "ukiona mshahara wao umeandikwa kwenye kanuni, jua walikuwa wameshahesabiwa." Jibu hilo halikuwa na maelezo marefu, na halikuyahitaji.

Familia zinaingia kwenye masimulizi haya kwa njia ya hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi kuifuata. Wakulima walipelekwa kwa zamu za mwezi mmoja, wapatao 20,000 kwa zamu. Wakati 20,000 wako kazini, wengine 20,000 hivi walikuwa njiani wakienda, na wengine kama hao walikuwa wakirudi makwao. Watu 60,000 kwa hiyo walikuwa hawako mashambani kwa wakati mmoja, na waliotoka Misri ya Juu walisafiri kwanza kwa mashua kushuka mto, kisha kutoka Zagazig wakatembea kwa miguu hadi kwenye machimbo. Zamu iliyoitwa ya mwezi mmoja ilikula miezi zaidi. Mwalimu aliuacha ubao, akawauliza wanawake waliokuwa mkekani nani angemwagilia shamba, nani angelipa kodi ya shamba hilo, na mtoto akiugua nani angempeleka kwa tabibu. Wanawake wakajibu wote kwa pamoja, na jibu si gumu kulikisia. Ilikuwa njia nzuri ya kumfikia mke wa mkulima, ambaye hakuna aliyeandika habari zake, bila kumtungia maneno ambayo hakuyasema.

Kisha ikaja ndoo. Ilikuwa ndoo ya tope jeusi la mikokoni, imepandishwa darini kwa kamba, na harufu yake ilitangulia kufika kabla yake. Mwalimu alieleza kwamba katika ziwa la Manzala, mwanzoni, wavuvi wa pale waliofanywa wachimbaji waliingia majini, wakachota tope kwa mikono miwili, wakalikandamiza kifuani mpaka maji yakatoka, kisha wakalibeba bonge hilo mgongoni hadi ukingoni, ambako liliachwa likauke kwa jua na kuwa ukuta wa mfereji. Akaomba kijana mmoja ajitokeze. Aliyejitokeza ni mchukuzi wa mawe na mchanga gatini, kijana mwenye mabega mapana, akalichota bonge la kwanza kwa dharau na kulibana kifuani. Maji meusi yalimshuka kwenye fulana hadi kikoini, na nusu ya bonge lenyewe likapenya katikati ya vidole na kuanguka sakafuni. Alirudia, mara hii polepole, akigeuza viganja na kulisokota kama mtu anayekamua nguo, na bonge likashika. "Hii ina ufundi wake," alisema, na mwalimu akamuuliza angekubali kufanya hivyo kutwa nzima kwa biskuti na piasta 3. Najua kuna watakaosema kwamba hayo ni maigizo ya kuwafurahisha watalii. Mimi nayahesabu kuwa dakika bora kuliko zote za msimu huu, kwa sababu kazi iliyokuwa imetajwa kwa jumla tu ilipata uzito, harufu na namna ya kushikwa.

Kuhusu malazi alisema machache, lakini ya kutosha. Kanuni ya 1856 iliahidi mahema, mabanda au nyumba za kuwahifadhi vibarua, pamoja na hospitali. Wengi walilala mchangani kando ya shimo walilokuwa wakilichimba, katika jangwa ambalo mchana wake huunguza na usiku wake ni baridi kali. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia katika njia ya mfereji na watu wakaanza kukimbia. Kuhusu idadi ya waliokufa kwa miaka yote ya kazi, alitaja hesabu ya Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, aliyesema katika hotuba yake ya tarehe 26 Julai 1956 kwamba walikuwa 120,000, akaeleza kwamba hesabu za kampuni zilikuwa ndogo mno kuliko hiyo, halafu akauliza: aliyekufa njiani akirudi kijijini anaandikwa katika daftari la nani? Hakujitia kuamua kati ya hesabu hizo, na nilimheshimu kwa hilo.

Palipochekesha ni kwenye fidia. Ismail Pasha, aliyeshika utawala mwaka 1863, alitaka shokoa ikomeshwe, na Uingereza ilikuwa ikimsukuma kwa sababu zake yenyewe. Shauri likapelekwa kwa Napoleon wa Tatu wa Ufaransa, ambaye mwaka 1864 aliamua kwamba Misri iilipe kampuni faranga milioni 84, na kati ya hizo milioni 38 zilikuwa kwa ajili ya vibarua iliokoseshwa. Mzee mmoja wa nyuma kabisa akapaza sauti: "Yaani alitozwa kwa kuacha kuwatumikisha watu wake?" Darini kote watu waliangua kicheko, kisha mzee mwenyewe akatikisa kichwa na kuomba aongezewe kahawa.

Baada ya hapo jioni ilipoteza mwelekeo. Shokoa ilipokoma kampuni ilileta mashine kubwa za kuchimbia majini, na pamoja nazo wafanyakazi wa kulipwa kutoka Ugiriki, Italia, Dalmatia na kwingineko, wengi wao wakiwa na familia. Wagiriki wa kisiwa cha Kasos walihamia Port Said kwa wingi, na mji ukagawanyika kati ya mtaa wa Wazungu na kijiji cha Waarabu kilichojengwa kando. Hapa palikuwa na watoto waliozaliwa machimboni, maduka, makanisa na misikiti, wake waliofua nguo za wafanyakazi wasio na wake. Kwa maneno mengine, mambo yaleyale tuliyoyalipia. Mwalimu aliyapitia kwa picha moja iliyofifia, akakimbilia sherehe za ufunguzi za tarehe 17 Novemba 1869, meli ya malkia Eugénie wa Ufaransa, na karamu za mji wa Ismailia. Wageni wa heshima waliohudhuria karamu wameshaandikwa vya kutosha. Ningependa msimu ujao zile dakika zote za sherehe wapewe wafuaji nguo wa Port Said.

Sasa chakula. Waandaaji wana utaratibu wa kuleta kwanza mlo wa kibarua, kidogo, kabla ya chakula chenyewe. Jioni ya Suez tulipewa mkate wa mofa uliokaushwa ukawa mgumu kama kigae, dengu zisizotiwa nazi wala bizari, na kipande cha kitunguu kibichi. Watoto walikataa, watu wazima walitafuna kwa adabu, na aliyeketi jirani yangu alifanya kama tufanyavyo sote na mkate mgumu, akauchovya kwenye kahawa. Baadaye kikaja chakula chenyewe: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari na achari ya embe, vyote vimepikwa na mtu anayejua kazi yake, ingawa samaki wa jioni moja alikuwa amekaa motoni kupita kiasi. Wapo walioona kwamba kuwalisha watu taabu ya wengine na kuwasafisha kinywa kwa wali wa nazi ni kuifanyia mzaha taabu hiyo. Ninakielewa kinyongo chao. Hata hivyo mlo ule mdogo uliwafanya watu waulize maswali ambayo wasingeuliza: biskuti ilipikwa wapi, ilifikaje jangwani, ilikaa muda gani, na kama mtu alirudisha piasta moja ya chakula kwa mwajiri, alibaki na ngapi za kupeleka nyumbani.

Kuhusu Erie nitasema machache. Ulichimbwa kati ya 1817 na 1825, ulikuwa na urefu wa kilomita 584, na sehemu kubwa ya jioni ilikwenda kwenye milango ya maji na siasa za jimbo la New York. Palipokuwa na uhai ni kwenye vinamasi vya Montezuma, ambako mwaka 1819 wafanyakazi wapatao 1,000 walishikwa na homa. Mwalimu alisema homa hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa malaria, na darini pakawa na minong'ono, kwa maana wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba malaria ni ugonjwa wa kwetu.

Minong'ono hiyo iliongezeka jioni ya Rideau. Mfereji huo ulichimbwa kati ya 1826 na 1832 chini ya kanali John By wa jeshi la Uingereza, kutoka mahali ambapo leo ni Ottawa hadi Kingston, umbali wa kilomita 202. Takriban watu 1,000 walikufa, na karibu nusu yao walikufa kwa malaria, katika nchi ambayo wengi tunaijua kwa theluji yake. Kwinini, dawa ya malaria, ilikuwepo, ila bei yake haikuwa ya kibarua. Wahamiaji kutoka Ireland walikuja na wake na watoto, wakajenga vibanda vya magogo na udongo kwenye kingo za mfereji wenyewe, katika mtaa ulioitwa Corktown, kwa kuwa hapakuwa na nyumba walizotengewa. Mbu hakumchagua mwenye sururu peke yake; aliingia kibandani akawauma mke na watoto vilevile. Mwanamume akifa, mjane alibaki na kibanda kilichojengwa juu ya ardhi isiyo yake, nchi za mbali, bila ndugu wa kumpokea. Hilo ndilo jambo nililokuwa nikilitafuta katika msimu mzima, na lilipata muda mfupi kuliko ndoo ya tope. Hapakuwa na picha hata moja ya kibanda, ila ramani iliyochorwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, ambayo upepo wa kusi uliing'oa kila baada ya muda mfupi.

Jioni ya Panama ndiyo iliyojaza dari hadi watu wakakaa ngazini. Mwalimu alianza na Wafaransa, waliofanya kazi huko kuanzia 1881 hadi kampuni yao ilipofilisika mwaka 1889, na ambao inakadiriwa kwamba watu wapatao 22,000 walikufa katika muda wao. Akaeleza habari ya hospitali ya Ancon, iliyokuwa safi na ya fahari, ambamo watawa waliweka miguu ya vitanda ndani ya vibakuli vya maji ili sisimizi wasipande kuwasumbua wagonjwa. Mbu wakataga humo humo. Mgonjwa aliingia na mguu uliovunjika na kutoka na homa ya manjano, kama alitoka. Kabla mwalimu hajamaliza, bibi mmoja wa makamo, mwenyeji wa Mkomani, alimkatiza: "Na visamaki je, mwanangu? Hawakutia visamaki?" Kwa msomaji asiyeijua Lamu, nieleze kwamba katika nyumba za zamani za mawe, birika la maji la msalani huwekwa visamaki vidogo wale viluwiluwi vya mbu, na hukaa humo kizazi baada ya kizazi. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwamba madaktari wa wakati ule hawakujua bado kwamba mbu ndiye mwenye kosa, na kwamba Wamarekani waliokuja mwaka 1904, chini ya daktari William Gorgas, walipojua, walimwaga mafuta kwenye madimbwi, wakaziba mapipa na kuweka wavu madirishani, mpaka homa ya manjano ikatoweka katika mji wa Panama mwishoni mwa 1905. Malaria haikutoweka. Bibi akasema visamaki vingekuwa rahisi zaidi kuliko mafuta, na sikumwona mtu wa kumpinga.

Baada ya kicheko hicho somo liliingia mahali pagumu. Wamarekani waliwagawa wafanyakazi katika orodha mbili, ya dhahabu na ya fedha, kwa jina la sarafu waliyolipwa. Orodha ya dhahabu ilikuwa ya Wamarekani weupe kwa sehemu kubwa sana. Ya fedha ilikuwa ya weusi wa visiwa vya Karibi, na wengine wengi wasio Wamarekani. Mwenye dhahabu aliyeoa alipewa nyumba yenye samani na wavu wa mbu, bila kodi. Kibarua wa fedha alilipwa senti 10 kwa saa, kwa siku ya saa 10, yaani dola 1. Wasio na wake walilazwa kwenye mabweni ya vitanda vya turubai vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, watu 72 katika chumba kimoja, wakirudi kutoka kwenye mvua na nguo zilizolowa wasizo na pa kuzianikia. Mwalimu aliitaja nimonia kuwa moja ya wauaji wao wakubwa, na mara moja mtu akauona uhusiano bila kusukumwa.

Milo mitatu katika jiko la vibarua wa fedha ilikatwa senti 30 kwa siku, na jiko hilo halikuwa na viti wala meza. Waliokula humo walisimama au walichuchumaa nje. Waandaaji waliondoa mikeka na viti kabla ya kutuletea sahani ya wali na maharage, tukala tumesimama kama tulivyo, vijana kwa wazee. Isipokuwa bibi wa visamaki, aliyeletewa kiti na kukaa bila kuomba radhi kwa mtu.

Kuhusu familia, hapa kazi ilifanywa vizuri. Mabweni hayakuchukua wake, kwa hiyo wengi waliyahama. Walipanga vyumba vya mbao vilivyosongamana katika miji ya Colón na Panama, au wakajijengea vibanda vya mabati na mbao za masanduku msituni kando ya njia ya reli, ambako mke aliweza kupika na mume kula ameketi. Wanawake wa Barbados, Jamaika na Martinique walifua nguo, waliuza vyakula na kufanya kazi za ndani katika nyumba za wale wa dhahabu, na mara nyingi senti zao ndizo zilizoifikisha familia mwisho wa wiki. Shule za watoto nazo zilitenganishwa kwa rangi. Mwaka 1963 chama cha historia cha huko kiliandaa mashindano ya kuwaomba wafanyakazi wa zamani kutoka visiwani, wakati huo wazee, waandike masimulizi yao ya kweli, na mwalimu alitusomea mambo kutoka kwenye barua hizo kwa tafsiri yake mwenyewe: mvua isiyokoma, kwinini ya kila siku, rafiki aliyekuwepo asubuhi na jioni hayupo. Alizisoma bila kuzipamba. Orodha rasmi ya vifo vya kipindi cha Marekani, hadi mfereji ulipofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, ni watu 5,609, na wengi wao sana walikuwa wa visiwani. Alimalizia na miji ya Gorgona na Matachín, ambamo familia hizo zilikuwa zimeshaota mizizi, na ambayo ilihamishwa watu ili maji ya Ziwa Gatún, lililotengenezwa kwa ajili ya mfereji, yapite juu yake.

Kipindi cha maswali kinahitaji kusimamiwa. Jioni hiyo kijana mmoja aliuliza kuhusu bandari ya Lamu na uchimbaji wa mlango wake wa bahari, akakumbusha kwamba mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu, lakini lilizua mabishano ya watu watano waliokwisha kubishana jambo hilo barazani siku nyingi, na wageni waliolipia Panama wakabaki wakitazamana. Kama waandaaji wanataka kulizungumza, na ningefurahi wakilizungumza, walitengee jioni yake.

Yapo ya kurekebisha. Mazungumzo yanatangazwa kuanza baada ya sala ya Isha, lakini huanza mwalimu anapomaliza kahawa yake, na kahawa hiyo ina mazungumzo yake. Shuka jeupe linalotumika kuonyeshea picha linahitaji kufungwa pembe zote nne, si mbili, maana kusi ikivuma picha zinacheza na watu wa Port Said wanaonekana kama wako baharini. Umeme ulipokatika jenereta iliwashwa chini ya ngazi, na waliokaa upande huo hawakusikia neno tena. Ngazi zenyewe ni za nyumba ya kale, nyembamba na za kupanda kwa magoti, bila kamba ya kushika. Mzee au mwenye mimba afikirie mara mbili. Kijitabu kinachouzwa shilingi 300 mlangoni kina makosa mengi ya chapa na hakina hata ile hesabu ya watu 60,000 ambayo ndiyo moyo wa jioni ya Suez. Usikinunue mpaka wakichape upya.

Mwenye muda wa jioni moja tu achague Panama, na mwenye nafasi ya mbili aongeze Suez. Nafasi huwekwa kwa kupita nyumbani hapo na kulipa nusu, na jioni za mwisho wa wiki hujaa mapema. Waandaaji huwaruhusu watoto wa shule kuingia bure wakija na mwalimu wao, jambo ambalo halijaandikwa kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni na linafaa liulizwe.